Jiwe la Kona ya Kumi na Saba

Mjini, 6 Mei

Baba Watoto,

Jumamosi wanao walikaa juu ya ukuta wa nje tangu saa nne asubuhi wakihesabu pikipiki. Walifika sitini na tatu. Kila iliyopunguza mwendo walisimama, kila iliyopita walikaa. Saa kumi na mbili jioni nikawashusha kwa nguvu, mmoja analia, mwingine amenuna kama mama yako.

Miezi mitatu tuliyokubaliana imekwisha. Mwenzako wa kukupokea maabara alipanda wiki iliyopita, nilimwona mwenyewe akifungasha sanduku lake nyuma ya pikipiki ya Kinyozi. Najua mvua ilikata barabara nusu na magari hayapandi. Najua mnara wa simu ulianguka na mvua ile ile. Lakini pikipiki zinapita, na wewe ndiye uliyekuwa unajisifu kwenye harusi yetu kwamba zile kona thelathini na moja za huo mlima unazijua kuliko vidole vyako. Watu walikuita Mwewe, ukawa unaitika!

Mama yako anasema labda unaumwa. Nimemwambia, mama, mwanao akishikwa na mafua mtaa mzima hupewa taarifa. Huyu haumwi.

Mimi nipo kwenye cherehani. Shule imeagiza sketi mia na arobaini na mgongo unaniuma. Mpe Kinyozi jibu, anashuka Ijumaa.

Mkeo


Zahanati, 9 Mei

Mama Watoto,

Nisamehe, na waombee msamaha kwa wale wawili juu ya ukuta. Mambo hapa hayajakaa sawa. Huyu kijana aliyekuja kunipokea bado hajaiva, darubini anaishika kama anashika yai. Siwezi kumwachia wagonjwa hivi hivi. Halafu tangu Fundi Friji afariki hakuna anayejua kutuliza lile friji la chanjo, likinguruma mimi ndiye ninayeitwa.

Goti nililoumia siku ile ya msiba wa Fundi linaendelea vizuri. Ni kuchubuka tu, usitie mawazo.

Kona zipo pale pale, hazijanishinda. Nikimaliza hapa nitashuka asubuhi moja na chai mtanikuta ninayo mkononi. Waambie watoto wasihesabu, nitapiga honi mara tatu.

Baba yao


Mjini, 20 Mei

Baba Watoto,

Kinyozi alikuja kuleta barua yako, nikampa kiti na chai, na wewe unajua Kinyozi akipewa kiti. Amenyoa watu miaka kumi kabla ya kununua pikipiki, mdomo wake haujui kufunga. Amesema kijana wa maabara anafanya kazi peke yake wiki ya tatu sasa, na hajavunja kitu. Amesema friji limetengenezwa. Nikamuuliza, sasa mume wangu anafanya nini? Akatazama chai yake. Akasema, "Shemeji, anakaa barazani." Nikamuuliza na nani. Akasema chai ni tamu sana, akaondoka kabla hajaimaliza. Kinyozi! Kuacha chai!

Basi nitauliza mara moja tu. Huko juu kuna nani? Kijana mmoja aliyelazwa huko aliniambia kuna muuguzi mwenye vishimo mashavuni, anakufunga bendeji kila asubuhi na unacheka. Sikutaka kumsikiliza. Usiku nikasikiliza.

Sihitaji maneno mengi. Kuna mtu au hakuna mtu. Neno moja linatosha, hata karatasi ya dawa itafaa.

Mkeo, kama bado


Zahanati, 27 Mei

Mama Watoto,

Nimepata barua yako. Kuhusu ulichouliza, sina la kukuandikia. Fikiri unavyoona.

Nimewatumia watoto penseli za rangi mbili, nyekundu na bluu. Wasigombane.

Mimi


Mjini, 10 Juni

Baba wa watoto wangu,

Nimekaa na barua yako siku kumi. Mistari mitatu ya kwanza niliisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Mwanaume asiye na kosa husema sina kosa. Hata mwenye kosa hukataa kwanza. Wewe hata kukataa umeona ni kazi.

Sikuulizi tena. Watoto hawajambo, penseli wamezivunja zote mbili. Wameanza kulala kwa mama yako siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maana mimi jioni nina shughuli zangu. Usiniulize shughuli gani. Kazini wananicheka kwa sababu mkono wa kushoto umejaa malengelenge, nimewaambia ni mkasi. Kiatu changu cheusi cha kushoto kimechubuka juu, pale kidole gumba kinapokaa, itabidi nikipeleke kwa fundi.

Kuna kitu kimoja nimejifunza mwezi huu, nakupa bure. Mtu huenda anakotazama. Akitazama shimo, ataingia shimoni na huku analia kwamba hakutaka. Sijui wewe miezi hii umetazama wapi, lakini nitajua. Nitajua kwa macho yangu.

Mama wa watoto wako


Zahanati, 13 Juni

Mke wangu,

Mkasi unaushika kwa mkono wa kulia. Nimekutazama ukikata vitambaa miaka tisa. Malengelenge ya mkono wa kushoto ni ya klachi, na kiatu cha kushoto huchubuka juu kwa sababu ya kupandisha gia. Na hayo maneno ya mtu huenda anakotazama ni ya yule mzee mwenye tumbo anayefundisha nyuma ya stoo ya mbao, ndiye aliyenifundisha na mimi. Unajifunza pikipiki. Unataka kupanda huku.

Usipande. Nakuomba kwa watoto wetu, usipande. Nitakwambia yote, na ukishasoma nichukie ukiwa chini.

Hakuna mwanamke. Niliposoma swali lako niliona nina majibu mawili tu, kwamba nina mtu au kwamba naogopa kona. Lile la kwanza niliweza kulivumilia. Lile la pili hapana, mimi Mwewe. Nikanyamaza ili uchague mwenyewe, na ukachagua, na tangu siku hiyo sili vizuri. Huo ndio upumbavu wangu, sina namna ya kuupamba.

Sasa sikiliza kuhusu kona ya kumi na saba.

Barabara ilipokatika, pale ndipo ilipokatikia. Upande wa bonde umeondoka, imebaki njia ya pikipiki moja, na kwenye ukingo kabisa limebaki jiwe refu kama mtu aliyechuchumaa. Lilikuwa jeusi, la rangi ya mlima, na watu walipita bila shida. Mimi nikajifanya mwenye busara. Nikachukua rangi nyeupe iliyobaki ya wodi, nikashuka nikalipaka jiwe lote ili kila mtu alione na ajihadhari. Daktari akanisifu mbele ya wafanyakazi wote. Nikapigiwa makofi.

Kesho yake Fundi Friji alitangulia kushuka na mimi nikafuata dakika tatu nyuma, na sampuli zangu kwenye boksi la barafu. Fundi alikuwa ameipita ile kona kila wiki tangu ikatike. Nilipofika nikaona alama ya tairi lake kwenye udongo mbichi. Haikuyumba, haikukata kona. Ilinyooka mpaka kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa na mkwaruzo na Fundi alikuwa chini. Nilikanyaga breki ndani ya kona, kitu ambacho hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hakifanyi, nikaanguka, na goti likaenda.

Watu walisema alikuwa na haraka. Wengine wakasema alisinzia. Mimi najua. Ukiingia kona ile, kitu cheupe pekee kwenye mlima mzima kiko mbele ya pua yako. Utakitazama, na pikipiki itafuata macho yako. Hata Kinyozi anasema kila akipita lile jiwe linamwita, na anacheka akisema hivyo. Mimi sicheki. Nimemwekea Fundi alama ya kufia, kwa mkono wangu, na nikapigiwa makofi.

Nimejaribu kushuka mara tano. Kona ya kwanza kutoka juu nafika, ya pili mikono inakufa ganzi. Nimejaribu kupakiwa na Kinyozi, nikamkumbatia kiunoni kwa nguvu mpaka karibu atuangushe wote wawili. Kwa miguu goti halifiki. Ningeweza kumwomba Kinyozi alipake jiwe masizi, lakini angeniuliza kwa nini. Basi nakaa barazani. Kutoka hapa unaiona barabara yote ikijikunja mpaka chini. Nimefungwa kwa barabara ambayo naiona, na mlango hauna kufuli.

Siwezi hata kukwambia usilitazame jiwe, maana nikishakwambia hivyo ndilo utakalotazama. Ndiyo maana nasema usipande. Basi.

Mumeo

(15 Juni. Kinyozi hajaja, tairi lake limepasuka. Barua hii bado iko mezani.)

(17 Juni, saa tatu asubuhi. Kinyozi amefika sasa hivi. Amesema amekuacha kituo cha mafuta cha chini ukijaza tangi la pikipiki ya mwalimu, umevaa koti langu la mvua, na umemuuliza kona ni ngapi. Hii barua haina maana tena. Nachukua masizi ya jikoni.)


Kona ya 17, 17 Juni, nadhani saa saba mchana

Mke wangu,

Naandika nyuma ya fomu ya maabara iliyokuwa mfukoni. Kinyozi alikuwa anashuka akanikuta hapa, nimemwomba ageuze akuletee hii. Amenitukana tusi ambalo sikulijua, lakini amegeuza. Mpe chai.

Nilishuka kona kumi na nne injini imezimwa, miguu yote miwili inaburuza chini kama bata. Kila kona nilisema hii moja tu, halafu nitarudi. Nilikuwa na kopo la masizi yaliyokorogwa na maji. Sikuchanganya oili, maana oili ikidondoka barabarani ningekuua kwa njia nyingine. Nilifika hapa nikalipaka jiwe kwa fulana yangu, mbele na pande zote, mpaka likarudi kuwa kitu cha mlimani.

Ndipo nikasikia pikipiki kona mbili chini. Nilijua ni wewe kwa sababu ilikuwa inalia gia ya pili kwa adabu, hakuna mwanaume anayepanda hivyo. Nikasimama katikati nikupungie mkono. Nilitaka uone kwamba nimekuja, kwamba nimeshuka kwa ajili yako. Mke wangu, nilifurahi kama mtoto.

Halafu nikajitazama. Shati jeupe la kazi, mikono juu, nimesimama kando ya jiwe. Nimemaliza kufuta alama moja nikajisimamisha mwenyewe kuwa nyingine. Ungenitazama mimi. Nani asingetazama?

Kwa hiyo nilijificha. Nililala nyuma ya jiwe upande wa bonde, nimeshika majani, miguu inaning'inia. Nilisikia ulivyopunguza mwendo kabla ya kona, si ndani. Nilisikia ulivyoachia breki. Nilisikia tairi likitembea pale pembamba polepole, halafu ukaongeza mafuta na ukaondoka. Ulipita vizuri kuliko mimi siku zangu zote. Sikukuita, usije ukageuza macho. Ulipofika kona ya kumi na nane nikalia.

Sasa nipo hapa. Kupanda siwezi. Kushuka, vivyo hivyo. Najua umefika umekuta chumba kitupu na utadhani nimekukimbia. Sikukukimbia. Nilijificha ili upite. Kama huamini, muulize Kinyozi shati langu lina rangi gani sasa.

Mumeo


Zahanati, chumbani kwako, 17 Juni, saa tisa

Baba Watoto,

Nimekaa kwenye kitanda chako. Kimoja, chembamba, kina shimo katikati la mtu mmoja. Nilikuja nimejiandaa kukagua kama polisi, na nimekagua. Blanketi moja, kikombe kimoja, mswaki mmoja uliochakaa kupita kiasi, na barua zangu chini ya mto zimefungwa kwa bendeji. Muuguzi mwenye vishimo amenikaribisha. Ana miaka hamsini na minane na wajukuu wanne, na ameniambia mume wako ni mkaidi kama mlango wa chuma. Nimeona haya mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Barua uliyoiacha mezani nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa nikaisoma tena. Ya pili Kinyozi ameileta. Chai amepewa, na hii anaileta kwako, na amesema ni ya mwisho leo, akiombwa tena atatoza nauli ya abiria watatu.

Nimekukasirikia sana. Mwezi mzima umeniacha nigombane na mwanamke ambaye hayupo. Nimemlinganisha na uso wangu kwenye kioo cha dukani, nimenunua mafuta ya nywele ya bei mbaya kwa ajili yake. Uliona ni afadhali niumie mimi kuliko wewe uonekane mwoga. Hilo sitalisahau haraka, usinibembeleze.

La Fundi sitakudanganya. Sitakwambia si jiwe, maana sikuwepo. Lakini mke wake anaamini mumewe alisinzia, na anajilaumu kwamba usiku ule alimchelewesha kulala kwa maneno ya nyumbani. Alinieleza haya huku nampima nguo nyeusi. Utaenda kwake umwambie habari ya rangi. Nitakaa pembeni yako, lakini kusema utasema wewe.

Sasa kuna jambo ambalo hulijui. Unadhani ulijificha. Nilikuona.

Niliingia kona nikakuona kabla hujalala, mikono juu, na nikakuona ukishuka nyuma ya jiwe. Mguu wako ulibaki nje, na kile kiatu nimekinunua mimi. Nikawaza, ananiona mimi mkewe, na anajificha. Nikakutazama. Siyo jiwe, wewe. Na pikipiki ikaanza kuja kwako, taratibu tu, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Niliona tairi la mbele linaacha njia. Mwalimu alikuwa amenipigia kelele kila somo, kidevu, geuza kidevu! Nikakigeuza. Nikakuacha nyuma yangu nikatazama kona inakotokea. Ilikuwa kama kukuzika. Nimepona kwa sababu nilikubali kutokutazama tena, na nilipanda kona zote zilizobaki nikiwa mjane kichwani mwangu.

Ndipo nikakuta barua mezani.

Kwa hiyo usiniambie kuhusu woga.  Nimesimama barazani pale unapokaa wewe, nimeitazama barabara yote mpaka chini, na nimeelewa kwa nini mtu hukaa.

Na mimi siwezi kushuka. Mwalimu aliniuliza mara mbili kama anifundishe na kushuka, akasema ni kazi nyingine kabisa, uzito wote unakuja mbele, breki zinataka mkono mwingine. Nilimwambia kupanda kunatosha. Nilidhani nikishamkuta huyo mwanamke sitajali nashukaje.

Watoto wako chini kwa mama yako na nimewaahidi kesho. Kinyozi hupakia tu, hafundishi, na huku hakuna mwingine anayejua kushuka na mtu asiyejua. Kona kumi na nne, Baba Watoto. Washa pikipiki, uje unifundishe.

Mkeo